Acheni kupiga ramli, PIMENI KWANZA!

Leo nina dukuduku na nalitoa lote bila kumung'unya maneno. Hapa chuoni tuna ugonjwa wa kutibu kompyuta kwa ramli. Mtu kajinyima, kanunua vipande kimoja kimoja, kaunga mashine yake mwenyewe chumbani, halafu gemu linakwama kwama. Akiuliza, korido nzima ina jibu moja tu: "Kadi ya picha hiyo mzee, nunua nyingine." Aliyefungua boksi hayupo, aliyepima hayupo. Jamani, zahanati ukipewa dawa ya malaria bila kutolewa damu unapiga kelele. Mbona kwenye kompyuta tunakubali?

Niwape kisa cha kweli. Mwenzangu wa chumbani ana Ryzen 5 5600G, ile prosesa yenye sehemu ya picha humo humo ndani, hivyo hana kadi ya pembeni. GTA V ilikuwa inamletea fremu thelathini na kitu kwa sekunde, tena kwa kurukaruka. Muuzaji mmoja mjini akamwambia bila kadi mashine hiyo ni ya kuchapia barua tu. Bei aliyotajiwa ilikuwa karibu bumu lote, yaani mlo wa mpaka mwisho wa semesta. Na washkaji wakamwambia nenda, utakula kwetu (mnawajua washkaji wa hivyo, tarehe 20 huwaoni).

Tukafungua Task Manager, upande wa kumbukumbu. Dakika moja tu: RAM kijiti kimoja cha GB 16, kimeandikwa 3200 lakini kinakimbia 2400. Basi, mgonjwa kapatikana! Picha za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yao, zinachota kwenye RAM ile ile inayotumiwa na prosesa. Kijiti kimoja kwa 2400 kinapitisha GB 19.2 kwa sekunde. Vijiti viwili kwa 3200 vinapitisha GB 51.2. Ni sawa na hosteli nzima kupanga ndoo kwenye bomba moja, halafu mnasema tenki ndiyo bovu.

Akabadilisha kile kijiti kwa viwili vya GB 8, akaongeza hela kidogo, tukaingia BIOS tukawasha XMP. GTA ikapanda mpaka karibu fremu 60. Bumu liko salama, jamaa anakula wali maharage kwa amani.

Sasa muuzaji mimi simlaumu sana, yeye anaishi kwa kuuza. Nawalaumu sisi tunaojiita wasomi. Darasani tunafundishwa kupima kabla ya kuhitimisha, tukirudi hosteli tunakuwa waganga. Tena kibaya zaidi, mshauri hapotezi kitu. Ushauri wake ukifeli, anayelala njaa ni mwingine.

Na kupima hakuna gharama. Kwa wenye kadi ya pembeni, shusheni MSI Afterburner, ni ya bure, iwaonyeshe kadi inafanya kazi kiasi gani wakati gemu linaendelea. Ikiwa kwenye asilimia 97 hadi 99 na fremu bado ni chache, hapo kweli kadi imefika mwisho wake. Lakini ikiwa 50 na gemu linakwama, kadi imekaa inasubiri! Hakikisha kwanza hujaweka kikomo cha fremu au V-Sync, halafu angalia prosesa na RAM. Njia nyingine: shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720. Fremu zisipopanda, tatizo si kadi.

Halafu kuna joto. Prosesa nyingi za kisasa zikikaribia nyuzi 90 hadi 100 zinajipunguza kasi zenyewe zisiungue. Na vyumba vyetu vya Dar mwezi wa Februari mnavijua, feni imejaa vumbi, boksi limesukumwa ukutani. Gemu likianza vizuri halafu baada ya dakika kumi likachoka, shuku joto kabla ya kushuku kitu kingine. Brashi ya rangi na pesti mpya ya prosesa ni bei ya chipsi mayai.

Na angalieni waya wa skrini umechomekwa wapi, nawaomba. Ukichomeka kwenye madabodi badala ya kwenye kadi, na prosesa yako ina picha za ndani, kadi uliyoinunua kwa jasho inaweza kubaki pambo.

Najua kuna watakaosema, "Lakini mara nyingine kadi ni mbovu kweli." Sawa kabisa, sibishi! Pima, ikithibitika nunua. Ila hata hapo ramli inaua. RX 6500 XT iliyotoka Januari 2022 ina GB 4 tu na inazungumza na madabodi kwa njia 4 tu za PCIe. Ukiiweka kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0, njia hizo zinabeba nusu ya mzigo, na kwenye magemu yanayojaza zile GB 4 inaanguka vibaya. Anayekushauri "nunua hiyo, ni mpya" bila kuuliza madabodi yako ni ipi, hakushauri, anakucheza.

Kwa hiyo wadau, kuanzia leo mtu akikuambia kadi imekufa, muulize swali moja tu: "Umepimaje?" Akianza kukohoa, msindikize mlangoni. Bumu ni dogo, na tumbo halielewi habari za fremu.

Naomba kutoa hoja. Wenye kubisha njooni, ila njooni na namba!