Tani Hazivuti Mvua

Darasa la nne tulifundishwa kwamba misitu huvuta mvua. Tuliandika kwenye daftari, tukajibu kwenye mtihani, tukawekewa vema. Hakuna aliyeuliza inaivutaje. Ilikuwa kauli ya siku ya kupanda miti, baada ya hapo kila mtu anarudi nyumbani.

Leo tumekua, na kauli imebadilishwa. Sasa tunaambiwa msitu ni ghala la kaboni. Thamani yake huandikwa kwa tani, tani huuzwa, na kampuni inayochoma mafuta upande mmoja wa dunia hulipia miti upande mwingine ili vitabu vyake vilingane. Mimi nasema hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe iko angani.

Wingu halitokei kwa mvuke wa maji peke yake. Mvuke unahitaji pa kushika: punje isiyoonekana kwa macho, ambayo maji huizunguka hadi yawe tone. Baharini, baadhi ya punje ni chumvi ya mawimbi. Mijini, moshi. Lakini katikati ya Amazon, msimu wa mvua, hewa ikiwa imeoshwa, nyingi hutoka kwa msitu wenyewe. Miti hutoa gesi, na baadhi yake ndiyo ile harufu unayoisikia ukiingia msituni. Gesi hizo hubadilika zikikutana na jua na hewa, kisha huganda kuwa chembechembe. Watafiti wamekuta hata punje za chumvi ya potasiamu, zitokazo kwa mimea na kuvu, zikiwa kiini cha chembe hizo. Gesi moja tu, isopreni, mimea ya dunia huitoa takriban tani milioni 500 kila mwaka. Hizo nazo ni tani, ila hazimo kwenye mkataba wa mtu.

Haya si maneno ya barazani. Brazil na Ujerumani zimesimamisha mnara wa mita 325 msituni, kaskazini-mashariki ya Manaus, kupima hewa hiyo. Mwaka 2016, wanasayansi wa CERN, karibu na Geneva, walionyesha kwamba mvuke wa miti unaweza kuunda chembechembe bila asidi ya salfa, ambayo siku hizi hutokana sana na moshi wa viwanda. Yaani kabla ya viwanda, miti ilikuwa tayari kazini.

Sasa rudi kwenye hesabu. Hewa ukaa ikitoka Berlin au Mbeya husambaa dunia nzima na kukaa miaka mingi. Ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kudai kwamba tani ya huku inafuta tani ya kule. Chembechembe za msitu hazina safari hiyo. Hukaa hewani siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili, kisha hushuka. Kazi yake huifanya palepale, au kule upepo unakoelekea. Maji ambayo mti huyavuta ardhini na kuyatoa kwa majani, nayo ni hivyohivyo. Ukifyeka Amazon ukapanda miti Borneo, kaboni inaweza kulingana kwenye karatasi. Mkulima aliyekuwa akipata mvua ya Amazon hajalipwa chochote.

Kuna atakayesema moshi nao una punje. Unazo, tena kupita kiasi. Amazon inapochomwa wakati wa kiangazi, maji yaleyale hugawanywa kwa punje nyingi mno, matone hubaki madogo na kuchelewa kuanguka. Ni sufuria moja ya uji kwa kijiji kizima: kila mtu ameonja, hakuna aliyeshiba.

Mwingine atasema tupande mikaratusi, mbona nayo hutoa isopreni? Ni kweli, kwa wingi. Lakini shamba la mti mmoja halina mchanganyiko wa gesi, kuvu na udongo wa msitu uliojiotea. Kuviita vyote viwili "msitu" kwa sababu tani zimelingana ni kudanganyana.

Sipingi fedha za kaboni. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, zimejenga madarasa na zahanati, na anayezibeza aende kwanza akawaeleze wazazi wa huko. Ninachopinga ni tani kugeuzwa kuwa thamani nzima ya msitu. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na mikataba inaendelea kusainiwa. Wewe uliyesoma ndiye utakayeitwa kutafsiri mkataba wa kijiji chenu. Ukifika kwenye ukurasa wa tani, simama. Uliza msitu unaofidiwa ulikuwa wapi, na nani alikuwa akiishi upande upepo ulikokuwa ukielekea. Kama hakuna mwenye jibu, usimpe mzee wa kijiji kalamu.