Insulini Ifike Visiwani Ikiwa Salama

Mwilini mwa binadamu zimo protini kubwa na zimo ndogo mno. Himoglobini, ichukuayo oksijeni katika damu, imeundwa kwa asidi amino 574. Insulini ina 51 tu. Lakini kongosho likiacha kuitengeneza hiyo ndogo, sukari hujaa damuni huku mwili ukiona njaa, na mtoto aliyekuwa akicheza ufukweni hulazwa hajitambui. Hadi Januari 1922, madaktari wa Toronto walipomdunga sindano kijana Leonard Thompson, maradhi hayo hayakuwa na dawa. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani liliitia insulini katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu.

Kwetu sisi watu wa visiwani, dawa kugunduliwa ni jambo moja na kufika ni jambo jingine. Insulini hainyweki, kwani tumbo huimeng'enya kama limeng'enyavyo samaki. Joto kali nalo huiharibu. Kichupa kisichofunguliwa hutakiwa kuwekwa katika nyuzi 2 hadi 8.

Tunaonya hasa juu ya barafu. Wako ndugu wanaodhani kuwa dawa ikilazwa juu ya barafu ya samaki ndiyo imehifadhiwa. Sivyo! Insulini iliyoganda imekwisha kazi, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Wala asiye na jokofu asikate tamaa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, uliohusu hali ya joto la kambi ya Dadaab nchini Kenya, ulionyesha kuwa insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupungua nguvu. Mtungi wa udongo husaidia, ingawa hewa yetu ya pwani, kwa unyevu wake, huupunguzia ubaridi. Basi mgonjwa na aweke nyumbani kichupa anachokitumia; akiba ikae zahanati.

Na hapo ndipo tunapowageukia watendaji. Akiba hiyo ihesabiwe na kuagizwa kabla kusi haijachafua bahari, si baada ya vyombo kushindwa kuvuka. Sanduku la kuvushia liwe na kipimajoto, na vichupa visigusane na barafu. Kila zahanati iwe na mtu anayejulikana kwa jina, atakayeulizwa umeme ukikatika usiku: jokofu la dawa lilikuwa mikononi mwa nani?