Mnamdharau Tabibu, na Ndiye Anayewatibu

Kwenye mahafali ya kidato cha nne niliyohudhuria karibuni huku kwetu, mgeni rasmi alifika saa nane mchana wakati kadi ya mwaliko ilisema saa nne asubuhi. Hilo nilimsamehe; mgeni rasmi wa nchi hii akiwahi, watu hudhani kuna msiba. Nilichoshindwa kukimeza ni nasaha zake. "Someni muwe madaktari," aliwaambia watoto, "msiridhike kuishia utabibu." Wazazi wakapiga makofi. Akina mama wawili watatu wakapiga na vigelegele.

Makofi hayo yanatoka kwenye imani niliyoisikia tangu utoto, kwamba tabibu ni daktari aliyekwama njiani, mtu wa kugawa panadol na kuandika rufaa, na kwamba mwenye akili hamfuati huyo.

Jirani yangu mmoja hapa Bisibo ni muumini mkubwa wa dini hii. Mtoto wake akipata homa, haendi zahanati. Anakodi bodaboda mpaka Biharamulo mjini, anakaa foleni tangu alfajiri, anaingia chumbani na kumkuta kijana wa koti jeupe. Mtoto anatobolewa kidole, kipimo cha haraka kinaonyesha malaria, anaandikiwa dawa mseto, wanarudi nyumbani jioni wakiwa wamepauka kwa vumbi. "Kule kuna madaktari," ananiambia. Mama, yule kijana ni tabibu! Amesoma mtaala ule ule aliousoma mwenzake uliyempita zahanati. Kipimo ni kile kile, dawa ni ile ile. Tofauti yao ni nauli.

Tuulizane basi wanasoma nini. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu. Anayemaliza wa pili ni tabibu msaidizi, anayemaliza wa tatu ni tabibu kamili. Humo mna mwili wa binadamu ulivyo na unavyofanya kazi, dawa, magonjwa ya watoto, uzazi, upasuaji mdogo, na majuma ya kuzunguka wodini na mgonjwa wa kweli mbele yako. Chukua jambo moja dogo. Mtoto anakohoa. Tabibu anamfunua kifua, anatazama saa, anahesabu pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Wa miezi miwili mpaka kumi na mmoja akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja mpaka mitano akifikisha 40, hapo nimonia inashukiwa na dawa inaanza. Mtoto wa malaria kali anachomwa sindano ya kwanza ya artesunate hapo hapo, kisha ndipo rufaa inaandikwa, kwa sababu barabara zetu wakati wa masika hazina adabu. Mkoa wa Kagera tunaijua malaria vizuri mno. Anayewaokoa hawa watoto ni mtu anayejua mambo haya na ambaye yupo. Bingwa aliyeko Dar es Salaam anayajua pia, lakini yuko Dar es Salaam.

Najua nitakachojibiwa, maana nimejibiwa mara nyingi: "Hao wanaingia chuoni na D." Naam, D za Kemia, Biolojia na Fizikia zinafungua mlango. Kwani akili ya mtu inafungiwa kwenye cheti cha kidato cha nne, haikui tena mpaka kiama? Kwa hesabu hiyo, nusu ya wanaotuongoza wasingeruhusiwa kushika hata ufunguo wa ofisi.

Na mliozaliwa miaka ya sabini na themanini, homa zenu za utotoni alizitibu nani? Nchi ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12. Kumi na wawili! Baada ya Azimio la Arusha zahanati zikaenea vijijini, na aliyekaa ndani yake alikuwa mganga msaidizi wa vijijini, aliyetolewa darasa la saba akafundishwa miaka mitatu. Huyo ndiye aliyewatibu mkakua, mkasoma, mkawa wageni rasmi.

Mwaka 2009 jarida la Health Affairs la Marekani lilichapisha utafiti wa operesheni za dharura za uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma, majirani zetu kabisa. Zaidi ya asilimia 80 ya operesheni hizo zilifanywa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu walioongezewa miaka miwili ya masomo. Matokeo yao hayakutofautiana na ya madaktari wa digrii. Tukafanya nini na habari hiyo njema? Kozi ya daktari msaidizi ikasitishwa. Nani anashangaa? Wakubwa nao huenda kwenye mahafali.

Linalonichekesha kwa uchungu ni la kijana wa ukoo fulani hapa jirani anayesomea kazi ya msaidizi wa kliniki (medical assistant) huko Marekani. Kwao wamechinja mbuzi. Ni kazi halali na ya heshima, wala simsemi vibaya, ila kule msaidizi huyo anapima presha, anachukua uzito, anapanga miadi, anamwandaa mgonjwa. Kutaja ugonjwa haruhusiwi, kuandika dawa haruhusiwi. Binamu yake ni tabibu huku, anafanya yote mawili usiku kwa mwanga wa tochi ya simu, na nyumbani wanamuuliza lini ataanza kusoma kitu cha maana.

Halafu tunalalamika kwamba matabibu hawakai vijijini. Watakaa wapi? Katika kijiji kimoja si mbali na hapa, nyumba ya mtumishi wa zahanati imesimama bila paa muda mrefu kiasi kwamba mbuzi wanazalia ndani. Kijiji hicho hicho kilichangia harusi yenye MC, keki ya ngazi tano na gari la kukodi kutoka Mwanza. Nilipouliza kwenye mkutano kwa nini tusichangie mabati, mzee mmoja aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba watapaua siku watakayoletewa daktari.