Je, Gitaa Si Kazi?



Nataka kutoa maoni yangu katika gazeti letu juu ya jambo lililoleta kicheko darasani kwetu muhula huu. Sisi wa Kidato cha Sita tulipewa karatasi, kila mtu aandike kazi anayoitaka baada ya mtihani. Wenzangu waliandika udaktari, uhandisi, uanasheria, na mmoja upadre. Mimi niliandika "mpiga gitaa wa jazz". Karatasi zilisomwa kwa sauti, na ilipofika yangu darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinirudishia karatasi, akasema kwa upole, "Hii ni burudani. Andika kazi."

Kwanza nieleze nasema juu ya muziki gani. Wazee wetu wakisikia neno "jazz" huikumbuka OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, au Western Jazz na Morogoro Jazz za jirani zetu Tanzania. Muziki huo nami naupenda, lakini ulikuwa rumba na dansi; jina tu ndilo lililovuka bahari. Mimi nasema juu ya jazz ya Marekani, niliyoijua kwa santuri ambazo mwanafunzi mmoja wa zamani aliiletea shule pamoja na gramafoni yake. Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu ya wapigaji wake, maana nilitaka kujua jambo moja: watu hawa walikula nini?

Basi, tumchukue Wes Montgomery, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1923. Utotoni alikuwa na gitaa dogo la nyuzi nne, lakini gitaa la nyuzi sita hakulishika mpaka alipokuwa na miaka kama 20, tayari ameoa. Alisikia santuri ya Charlie Christian, akaenda kununua gitaa na kikuza sauti chake, akakaa nyumbani akiisikiliza sauti baada ya sauti. Nota hakujua kuzisoma. Majirani walilalamika juu ya kelele, naye akaacha kile kipande kidogo cha kugongea nyuzi, akatumia kidole gumba ili sauti iwe laini. Sauti hiyo ya kidole gumba ndiyo iliyomtambulisha duniani baadaye. Alipopata kazi yake ya kwanza katika klabu ya mjini, alijua vipande vya Charlie Christian tu. Vikiisha, huketi kimya mpaka wimbo mwingine. Nilipolisoma hilo nilifurahi kupita kiasi, maana ndivyo nilivyo mimi.

Mwaka 1948 alichukuliwa na bendi ya Lionel Hampton, akasafiri nayo kama miaka miwili, kisha akarudi nyumbani kwa sababu ya familia. Ndipo ilipoanza sehemu ambayo wenzangu waliocheka yafaa waisome polepole. Saa moja asubuhi yuko kiwandani. Hutoka saa tisa alasiri. Saa tatu usiku yuko klabuni na gitaa mpaka saa nane, kisha huenda klabu nyingine ya pili mpaka karibu na alfajiri. Baadaye kiwandani tena. Alikuwa na mke na watoto wengi, na mshahara wa muziki peke yake haukutosha. Ndugu zake wawili, Monk na Buddy, walikuwa wanamuziki pia na walikwisha kwenda kutafuta riziki pwani ya magharibi, yeye alibaki. Mwaka 1959 mpiga saksofoni Cannonball Adderley alipita Indianapolis, akamsikia, akawapigia mbiu wenye kampuni ya Riverside. Mwaka 1960 ikatoka santuri iliyomfanya ajulikane kila mahali. Alikuwa na miaka 37.

Huyu mtu alikuwa mvivu? Nauliza kwa adabu.

Miaka yake ya mwisho alirekodi nyimbo za kupendwa na watu wengi, pamoja na vinanda na fidla nyuma yake, na zikauzwa sana. Wajuzi wa jazz wakamlaumu kwamba ameuza kipaji. Hata yule mzee wetu wa santuri husema hivyo. Mimi siwezi kumlaumu. Mtu aliyelala saa chache kwa miaka yote ile ana haki ya kula kwa gitaa lake. Tena hakulila jasho hilo kwa muda mrefu: alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 15 Juni 1968, akiwa na miaka 45.

Lakini si kila mpiga gitaa alikwenda njia hiyo. Freddie Green aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937, na isipokuwa kitambo kidogo tu, alikaa humo mpaka alipofariki mwaka 1987. Miaka 50 katika kiti kimoja! Gitaa lake halikuwa na umeme. Kazi yake ilikuwa kupiga mipigo minne, minne, minne, usiku kucha, huku wenye tarumbeta wakishangiliwa. Kupiga peke yake ilikuwa mara chache mno. Sijui ni karani gani wa serikali aliyekaa ofisini kwake zaidi ya hapo. Tal Farlow naye alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka kabla ya kuwa maarufu, na mwaka 1958 akauacha umaarufu New York, akarudia brashi yake. Mwaka huohuo Johnny Smith, baada ya kufiwa na mkewe, alihamia Colorado Springs amlee binti yake, akafungua duka la vyombo vya muziki.

Hapa nakubali kwamba mwalimu wangu hakukosa kabisa. Charlie Christian mwenyewe, ambaye Montgomery na Farlow walijifunza kwake kwa namna moja au nyingine, aliingia bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, na mwezi Machi 1942 alikufa kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka 25. Maisha ya usiku, baridi na safari hayana huruma. Twamfahamu pia mwenzetu mmoja aliyeacha masomo Kidato cha Tatu akafuata bendi mjini. Aliporudi kututembelea mwaka jana hakuwa na gitaa. Aliliweka rehani kwa kodi ya chumba. Hatukumcheka, lakini hatukujua la kumwambia.

Ninachokataa ni kugawa mambo mawili kwa upanga: hapa kazi, pale burudani. Montgomery alikuwa mtu wa kiwandani na mpiga gitaa mkubwa siku moja hiyohiyo. Farlow hakuaibika kwa brashi. Nani kati yao hakuwa na kazi? Baba yangu hufundisha mchana na hulima jioni, wala hakuna amwambiaye kwamba shamba si kazi kwa sababu ana chaki.

Basi nimeirudisha karatasi. Nimeandika "fundi umeme, na mpiga gitaa". Mwalimu aliisoma, akanyamaza, akaitia katika faili pamoja na nyingine.

Nina ombi moja kwa wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili. Kama yumo miongoni mwenu anayepiga muziki kwa malipo, kanisani, hotelini au arusini, aandike katika toleo lijalo atueleze hulipwa namna gani, na lini. Na uzi wa kwanza wa gitaa la shule umekatika tangu Pasaka.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita