Mgonjwa wa Glakoma Ana Ndugu

Kwenye kadi ya kliniki ya macho huwa kuna mstari unaouliza kama katika ukoo yupo mwenye glakoma. Mara nyingi huandikwa "hapana" kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye kiti. Toleo hili linahusu urithi na macho ya watu wazima, nami naomba msomaji aanzie kwenye mstari huo. Ndicho kipimo cha vinasaba tulicho nacho tayari, hakihitaji maabara, na tunakipoteza kila siku.

Glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, huua taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Aina iliyoenea zaidi kwetu haiumi wala haiwashi. Huanza kula uoni wa pembeni, huku jicho lenye nafuu likiziba pengo la mwenzake, hivyo mtu hajui kitu. Anaanza kujigonga kwenye miimo ya milango, anakanyaga kuku uani, anashtuka bodaboda imeshamfikia ubavuni, na nyumbani wanasema mzee amezeeka. Akifika kwa daktari, jicho moja limeshakwenda. Kilichokufa hakirudi, tiba hulinda kilichobaki tu.

Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea. Kwa madaktari wa macho tulio nao, hatuwezi kumpima kila mtu wa umri huo nchini. Ndugu wa wagonjwa tunawaweza. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti walikadiria mwaka 1998 kwamba asilimia 22 ya ndugu wa karibu wa wagonjwa wataupata ugonjwa huu maishani mwao, wakati kwa ndugu wa watu wasio na glakoma ni asilimia 2.3. Ni karibu mara kumi.

Jeni zenyewe je? Jeni ya MYOC, iliyohusishwa na glakoma mwaka 1997, ina nguvu kubwa katika familia chache zenye hitilafu katika jeni hiyo. Wagonjwa walio wengi hawana. Kwao hatari imetawanyika katika jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na hapo ndipo orodha za jeni zilizotengenezwa kwingine zinapoweza kutupotosha.

Chukua aina ya glakoma inayoletwa na mabaki meupe ya kijivujivu yanayojikusanya machoni. Kwa darubini ya kliniki daktari huyaona kama unga mwembamba kwenye ukingo wa mboni na juu ya lenzi. Hatimaye huziba njia ya maji ya jicho na presha hupanda. Mwaka 2007, utafiti wa Iceland na Sweden uliihusisha hali hii na jeni ya LOXL1, na matokeo yalikuwa na nguvu isiyo ya kawaida kwa ugonjwa wa uzeeni. Walipokuja kupimwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini, mojawapo ya alama kuu za jeni hiyo ilikutwa imegeuka: toleo lililoambatana na ugonjwa kwa Wazungu ndilo lililoonekana zaidi kwa Waafrika wasio nao. Kipimo kilichopangwa kwa kufuata Ulaya kingemtoa mtu wetu wasiwasi pale pale anapopaswa kuwa nao.

Mfano wa upande wa pili ni jeni ya APBB2. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa na alama inayoongeza hatari ya glakoma kwa watu wenye asili ya Afrika, alama ambayo tafiti za Ulaya na Asia zisingeweza kuiona kwa kuwa huko haipo. Watanzania nao wamo katika juhudi hizi: utafiti wa GIGA, uliochapisha matokeo yake mwaka 2018, ulichukua wagonjwa wa Afrika Kusini na Tanzania. Nataka kuona tafiti za namna hiyo zikiongezeka, zikiongozwa na watu wa hapa, na majibu yakirudi kwa waliotoa damu zao.

Lakini hakuna utafiti wa urithi bila familia zinazosema. Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Posa ikiletwa, wazee huulizana kimyakimya: ukoo ule una nini? Kwa hiyo shangazi aliyepofuka anasemwa kuwa aliumwa surua utotoni, babu alirogwa, na binti anayekaribia kuolewa haambiwi chochote, wala haendi kupimwa. Siwalaumu wazazi, wanamlinda mtoto kwa njia wanayoijua. Kazi ya wahudumu wa afya ni kuwapa habari iliyo nzuri kuliko siri: kuwa na ndugu mwenye glakoma si hukumu ya upofu, na anayewahi hutibika.

Tiba nazo zimesogea. Jaribio lililofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, lililinganisha leza na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Leza ni kazi ya dakika chache, na ikihitajika hurudiwa. Matone ni ya kila siku, na yakiisha dukani au hela ikikosekana, presha inapanda bila kumuarifu mtu.

Kwa hiyo tunadai utaratibu ulio wazi katika kila kliniki ya macho. Mgonjwa akithibitishwa kuwa na glakoma, muuguzi akae naye aandike majina ya kaka, dada na watoto wake, kisha ampe karatasi ya wito kwa kila mmoja. Wapimwe presha ya jicho, na mshipa wa fahamu uangaliwe, bila malipo kwa mara ya kwanza. Wizara ikishindwa kugharamia nchi nzima, ianze na hospitali za rufaa za mikoa.