Mabingwa Wachache Hawatoshi: Mazoezi ya Viungo katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Katika muda wa miezi miwili ya mwaka 2025 yalitokea nchini Marekani mambo matatu ambayo magazeti mengi yaliyaeleza mbalimbali, kana kwamba hayana uhusiano. Tarehe 1 Juni jeshi la nchi kavu la nchi hiyo lilianza kutumia kipimo kipya cha ukakamavu kwa askari wake. Tarehe 6 Juni mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vikuu kuwalipa wanamichezo wao fedha moja kwa moja, na kikomo cha malipo kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza kikawekwa karibu dola milioni 20 na nusu. Tarehe 31 Julai Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kurudisha shuleni kipimo cha ukakamavu cha Rais, ambacho kilikuwa kimeachwa tangu mwaka 2013.

Sisi tunaona kwamba mambo hayo matatu ni sura tatu za jambo moja. Taifa lile lile linalowalipa mabingwa wake mamilioni linalalamika kwamba watoto wake wamelegea, na jeshi lake linahangaika kupima na kujenga miili ya vijana wake. Katikati ya sura hizo pana swali ambalo halikupewa nafasi kubwa: je, kijana wa chuo kikuu asiye bingwa, ambaye ndiye wa kawaida, anafundishwa na nani kuutumia na kuutunza mwili wake? Swali hili linawahusu askari wa majeshi na polisi kuliko watu wengine wote, kwa maana wao ndio wanaowapokea vijana hao siku taifa linapowahitaji.

MWANZO WAKE

Hapo mwanzo wenyewe Wamarekani walilijibu swali hilo vizuri. Mwaka 1861, mwaka ule ule ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza nchini humo, chuo cha Amherst kilimweka daktari Edward Hitchcock kuwa mwalimu wa afya na elimu ya viungo. Sababu haikuwa kombe wala sifa. Wakuu wa chuo waliona kwamba wanafunzi wao walikuwa wakidhoofika kwa kukaa na vitabu bila kujinyoosha. Hitchcock aliwapima wanafunzi wake urefu, uzito na upana wa kifua, akaandika vipimo hivyo mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo aliishikilia mpaka alipofariki mwaka 1911. Hakuwa akitafuta mwenye mbio kuliko wote. Alitaka kila mmoja awe na nguvu zaidi kuliko alivyokuwa alipoingia.

Wengine walifuata. Mwaka 1879 chuo kikuu cha Harvard kilimchukua daktari Dudley Sargent, aliyetengeneza mashine za mazoezi ambazo uzito wake uliweza kuongezwa au kupunguzwa kulingana na uwezo wa mtu. Mwaka 1913 vyuo vikuu vya Michigan na Ohio State vilianzisha idara maalumu za mashindano ya ndani, yaani bweni kwa bweni na darasa kwa darasa, ili mwanafunzi asiyeweza kuingia katika timu ya chuo naye apate mahali pa kucheza. Mwaka 1928 Michigan ilifungua jengo zima kwa ajili ya michezo ya namna hiyo.

Askari wapaswa kukumbuka pia chuo cha kijeshi cha West Point, ambacho nacho hutoa shahada. Douglas MacArthur alipokabidhiwa chuo hicho mwaka 1919 alikuwa ametoka katika vita vya Ufaransa, ambako aliona kwamba cheo begani hakimpi ofisa pumzi ya kuongoza watu wake. Akaamuru kwamba kila mwanafunzi wa uofisa, awe hodari au dhaifu, ashiriki katika michezo ya ndani ya chuo. Vita Vikuu vya Pili vilipowadia, jeshi la majini lilivigeukia vyuo vya kiraia pia, na mwaka 1942 likafungua katika baadhi yake, kama vile Iowa na North Carolina, shule za kuwakakamaza vijana waliokuwa wakiandaliwa kuwa marubani.

LAZIMA ILIVYOGEUKA HIARI

Katika miaka ya 1920 karibu kila chuo kikuu cha Marekani kilimtaka mwanafunzi amalize masomo ya viungo kabla ya kupewa shahada. Uchunguzi ulioongozwa na Profesa Bradley Cardinal wa chuo kikuu cha Oregon State, ambao ulitangazwa mwaka 2012 na kuhusu vyuo 354, ulionyesha kwamba vyuo vyenye sharti hilo vilikuwa asilimia 97 katika miaka hiyo ya zamani, lakini kufikia mwaka 2010 vilikuwa vimebaki kiasi cha asilimia 39.

Sababu zinazotajwa si ngeni kwetu. Wanafunzi wa miaka ya 1960 na 1970 walichoka kulazimishwa mambo, kwata ikiwa miongoni mwake. Saa za masomo zilijaa. Tena, fedha zilipopungua, wakuu wa vyuo walitafuta somo ambalo kuondolewa kwake hakungeleta makelele makubwa, na somo la viungo likaonekana kuwa hilo.

Mahali pa somo pakachukuliwa na majumba ya starehe na mazoezi. Chuo kikuu cha jimbo la Louisiana kilitumia karibu dola milioni 85 kupanua jumba lake, na mwaka 2017 kikafungua humo mfereji wa maji ya kuelea uliochongwa kwa umbo la herufi za jina la chuo, ambamo mwanafunzi hulala juu ya mpira akapelekwa na maji taratibu. Fedha hizo zilitokana na ada za wanafunzi wenyewe.

Haki lazima isemwe, majumba hayo na idara zinazoyaendesha zimefanya mema mengi. Sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa wanawake katika elimu iliwafungulia wasichana milango ya kumbi na viwanja ambavyo kwanza vilikuwa vya wavulana. Chama cha taifa cha waongozaji wa michezo ya ndani ya vyuo kilizaliwa mwaka 1950 katika chuo kikuu cha Dillard, New Orleans, kwa juhudi za William Wasson na wenzake waliotoka katika vyuo 11 vya Wamarekani weusi, wakati ambapo ubaguzi wa rangi ulikuwa bado sheria katika majimbo ya kusini. Na katika chuo kikuu cha Illinois, Timothy Nugent alianzisha mwaka 1948 mpango wa wanafunzi wasiojiweza kutembea, ambao wengi wao walikuwa askari waliojeruhiwa vitani. Mwaka 1949 wakafanya mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu kwa viti vya magurudumu. Askari yeyote anayesoma habari hiyo ataona heshima iliyomo ndani yake: mtu aliyetoa miguu yake kwa taifa hakuachwa akae dirishani kutazama wenzake wakicheza.

Hata hivyo kasoro ni moja, nayo ni kubwa. Mlango wa hiari huingiwa na yule ambaye tayari anapenda mazoezi. Aliye dhaifu, mwenye aibu ya mwili wake, au ambaye hakufundishwa kukimbia tangu utotoni, hupita mbele ya jumba hilo miaka minne na kuondoka na shahada yake bila kuliingia. Kwa njia hiyo mwenye nguvu huongezewa, na asiye nazo huachwa kama alivyokuja.

HESABU INAVYOLIFIKIA JESHI

Mwaka 2020 wizara ya ulinzi ya Marekani ilichunguza vijana wa umri kati ya miaka 17 na 24, ikakuta kwamba asilimia 77 hawangeweza kuandikishwa jeshini bila ya kusamehewa sharti fulani. Unene wa kupita kiasi ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu lilitaka kuruta 60,000 na likakosa 15,000. Ndipo Agosti ya mwaka huo likaanzisha huko Fort Jackson, South Carolina, kozi ya maandalizi ya hadi siku 90, ambamo vijana walionenepa au walioshindwa mtihani wa kuandikishwa hupunguzwa uzito au kusomeshwa kabla ya kuanza mafunzo ya kijeshi yenyewe. Kufikia mwaka 2024 karibu robo ya kuruta wapya walipitia kozi hiyo.

Mtu aweza kutuambia kwamba kuruta hao wengi wametoka sekondari, si chuo kikuu. Ni kweli. Lakini mwalimu wa viungo wa sekondari hufundishwa wapi? Maofisa walio wengi hutoka wapi? Chuo kikuu kikisema kwa vitendo kwamba mwili ni jambo la hiari, shule za chini yake zitausikia ujumbe huo. Samaki mkunje angali mbichi, na jeshi la Marekani sasa linamkunja akiwa ameanza kukauka, kwa gharama yake lenyewe.

Tazameni pia kipimo kile cha 1 Juni. Kina mambo matano: kuinua chuma kizito kutoka chini, pushapu za kuinua viganja, mbio za kukokota na kubeba mizigo, kujikaza juu ya viwiko bila mwili kulegea, na mbio za maili 2. Askari wa kawaida hutakiwa kupata pointi 300 kati ya 500, na wa vikosi vya mapigano 350. Hakuna hata moja kati ya hayo matano linalohitaji kipaji cha bingwa. Yote huhitaji desturi, na desturi haipatikani kwa kozi ya siku 90 peke yake.

MABINGWA NA WENGINE

Vyama vya michezo ya vyuo vya Marekani vina wanamichezo kiasi cha nusu milioni, hali wanafunzi wote wa elimu ya juu ni karibu milioni 19. Hao nusu milioni ndio dunia inaowaona katika televisheni. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunawafahamu, kwani vijana wetu wamekuwamo. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, katika muda usiotimia miezi mitatu. Tunamwonea fahari. Lakini rekodi zake hazikumwongezea pumzi mwanafunzi aliyekaa jukwaani.

Tukumbuke pia kwamba mabingwa wetu wakubwa wa kwanza hawakuhitaji majumba ya mamilioni. Kipchoge Keino alikuwa polisi wa Kenya, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika kikosi chake. John Akii-Bua, aliyeipatia Uganda dhahabu huko Munich mwaka 1972 katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, alikuwa polisi pia. Walipata malezi yao katika vikosi ambamo kukimbia asubuhi kulikuwa sehemu ya kazi ya kila mtu. Bingwa alitokea katikati ya wengi waliokuwa wakikimbia, kama mti mrefu unavyotokea msituni.

LAZIMA KUFANYA, HIARI KUCHAGUA

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kumlazimisha mtu mazoezi ni kumfundisha kuyachukia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wengi wamewahi kuona mazoezi yakitumiwa kama adhabu, na aliyeadhibiwa kwa kukimbia hapendi kukimbia. Lakini jibu limo humo humo Marekani. Chuo cha ufundi cha Massachusetts, MIT, ambacho sifa yake ni hesabu na sayansi wala si misuli, bado kinamtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome kozi nne za viungo na aonyeshe kwamba anajua kuogelea. Sharti halikwepeki, ila mwanafunzi huchagua mwenyewe ni mchezo gani. Na akimaliza upinde na mishale, upanga, bastola au bunduki, na kuendesha mashua kwa tanga, hupewa kwa mzaha hati ya kuwa haramia wa baharini. Watu hucheka, na huku mwili unajengwa.

Hapo ndipo tunapoliona somo la kweli kwa vikosi vyetu. Ni rahisi kikosi kujivunia timu yake ya mpira na kusahau kwamba wachezaji ni 11, na askari ni mamia. Ofisa wa miaka 45 aliyekaa mezani, karani wa stoo, dereva, askari wa kike aliyerudi kazini baada ya uzazi, hawa wote ni kikosi. Mhalifu akikimbia hamchagui polisi wa kumfukuza kwa kuangalia kama yumo katika timu.

Wala fedha zisiwe udhuru. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, aliueleza umma kipimo ambacho majeshi na polisi wa nchi nyingi walikichukua: mtu hukimbia dakika 12, na umbali aliofika hupimwa. Kinachohitajika ni uwanja, saa na mtu wa kuandika. Kikitumiwa kwa kila mmoja, na kila mtu akashindanishwa na kipimo chake cha jana badala ya bingwa wa kikosi, kitafanya kazi ile ile aliyoianza Hitchcock.

Marekani ina fedha za kusahihisha kosa lake kwa kozi, majumba na amri za Rais. Nchi zetu hazina fedha hizo, na kwa hiyo hazina ruhusa ya kulifanya kosa lenyewe. Vyuo vikuu vyetu navyo vikumbuke kwamba shahada humpa kijana kazi ya miaka arobaini, na kazi hiyo itafanywa na mwili ule ule alioingia nao darasani. Na ninyi askari, kesho asubuhi kikosi kitakapopangwa uwanjani, tazameni safu ya nyuma kabla ya safu ya mbele. Hiyo ya nyuma ndiyo itakayoonyesha nguvu zenu ni kiasi gani.