Usukani unaocheza: tafuta kiungo kilicholika kabla ya kununua kipya

Mwezi uliopita tulikuwa tunateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo na gari limejaa: bibi yao watoto kwenye kiti cha mbele, watoto na mizigo nyuma. Kwenye kona baada ya Soni tuligundua kwamba usukani tunauzungusha kiasi cha upana wa vidole vinne kabla gari halijaitika. Tulipoishika barabara kuu na kufikia kilometa 70 kwa saa, tukapita juu ya kishimo kidogo, na magurudumu ya mbele yakaanza kutetema kwa nguvu hata usukani ukataka kututoka mikononi. Tulipunguza mwendo polepole, bila kukanyaga breki kwa ghafla, mpaka mtetemo ukakoma. Bibi hakulalamika. Aliuliza tu: "Baba, gari hili ndilo litakalotupeleka harusini Handeni?"

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya mwaka 1993, katika ule mfululizo wa 70 ambao Toyota ilianza kuutengeneza mwaka 1984. Ni gari gumu, lenye ekseli nzima mbele na springi za vyuma bapa. Lakini ugumu si kutolika, na viungo vya usukani vimekuwa vikisagana tangu watoto hawajazaliwa.

Gereji ya kwanza tuliyoiendea ilitupa jibu kabla mtu hajaligusa gurudumu: tununue shokapu mpya ya usukani, na boksi la usukani likazwe. Fedha tuliyotajiwa ilikaribia ile tuliyoiweka kwa ajili ya ada za shule. Jirani mmoja naye akatushauri tuliuze gari lingali linakwenda, kwani kwa mwendo mdogo halionyeshi kasoro. Tulilitafakari hilo kwa muda mrefu kuliko tunavyopenda kukiri. Kisha tukaona kwamba mnunuzi naye angepakia watoto wake, na kumuuzia kitu huku tumeficha ubovu wake ni ghishi, liite utakavyoliita.

Ndipo tukamwendea fundi mmoja mzee. Hakufungua nati hata moja siku ile. Alitufundisha kutafuta kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio tunaopenda kuwapa wasomaji wenye magari ya namna hii.

Kwanza, yaangalieni yaliyo mepesi: upepo wa matairi, nati za magurudumu, na bushi za springi. Gari lenye bushi zilizokwisha hutangatanga barabarani hata kama usukani ni mzima.

Pili, gari likiwa chini kwa uzito wake wote, mahali palipo sawa, likiwa limewekewa vizuizi na breki ya mkono, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Ikiwa usukani unasaidiwa na mafuta, injini iwashwe, na gea iwe huru. Mwingine achutame kando, asiingie chini ya gari, atazame viungo kimoja kimoja tangu kwenye boksi hadi magurudumuni. Katika gari letu vipo vinne: viwili kwenye fimbo itokayo kwenye boksi, na viwili kwenye fimbo inayounganisha magurudumu, ambavyo mafundi huviita tairodi. Kiungo kizima hupeleka mwendo papo hapo. Kilicholika utaona upande mmoja unatangulia na wa pili unafuata kwa kuchelewa. Sisi tulimweka kijana wetu atazame, na kabla fundi hajasema neno alikwisha kunyoosha kidole: kiungo cha mbele cha fimbo ya boksi.

Tatu, inueni gurudumu kwa jeki na kuliegemeza gari juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Shikeni tairi juu na chini, mlitikise. Likicheza, huenda ni beringi za gurudumu, au ni beringi za kingipini, zile mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu hugeukia. Kuzitenganisha ni rahisi: mtu akanyage breki, kisha mtikise tena. Mchezo ukitoweka, kasoro ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Kwetu, upande wa kushoto, ulibaki.

Sasa ikaeleweka kwa nini shokapu isingetusaidia. Kazi yake ni kupoza mtikisiko. Ikiwa mpya huweza kuuficha ubovu kwa miezi michache, huku kiungo kinaendelea kulika, mpaka siku kitakapochomoka. Na boksi likikazwa kupita kiasi ili kufidia mchezo wa kwingine, usukani huwa mzito, haurudi wenyewe baada ya kona, na boksi nalo huharibika. Fundi aliyapima yote mawili akayaacha kama yalivyo.

Matengenezo yalichukua siku mbili. Kiungo cha fimbo alikitoa kwa kukiminya kwa kifaa chake, wala hakupiga nyundo kwenye meno ya boliti. Alihesabu mizunguko wakati wa kukifungua, ili kipya kiingie kwa urefu ule ule na usukani usikae upande. Kingipini ilipofunguliwa, beringi ya chini ilikuwa na kutu na vishimo. Maji ya mitoni yaliingia kupitia sili iliyochakaa. Zilibadilishwa beringi zote mbili pamoja na vikombe vyake na sili, na zile sahani nyembamba za kurekebishia zikarudi mahali pake. Kabla ya kuunganisha fimbo, alivuta mkono wa gurudumu kwa mizani ya ndoano, mfano wa ile ya wauza samaki, kuhakikisha unageuka kwa ugumu uliotakiwa na kitabu cha gari: usiwe legevu, usiwe wa kukwama.

Jambo la mwisho alilotusisitizia ni pini za nati. Tundu la pini lisipolingana na pengo la nati, nati huongezwa kukazwa hadi zilingane. Hailegezwi hata kidogo. Na pini iliyokwisha kupindwa hairudishwi, huwekwa mpya. Baada ya hapo gari lilikwenda kupimwa ulinganifu wa magurudumu, kwa kuwa kiungo kipya bila kipimo hula matairi.

Gharama yote, pamoja na ujira wa fundi, haikufika nusu ya ile tuliyotajiwa kwanza. Ada za shule zimebaki mahali pake. Tunawanasihi wenzetu: kabla ya kukubali orodha ya vipuri, mwombeni fundi awaonyeshe kwa macho yenu kitu kinachocheza. Fundi mwema hatachukia. Na baada ya wiki ya kwanza ya safari, rudini mkazitazame nati na pini.

Harusi ya Handeni ni Jumamosi ijayo. Juzi tulimpitisha bibi katika barabara ile ile, kwa kilometa 70, juu ya kishimo kile kile, na usukani ukatulia. Tuliporudi nyumbani alikataa kuingia ndani kwanza. Alimwita mjukuu wake alete kurunzi, akainama kando ya gurudumu la kushoto, akataka aonyeshwe hiyo pini ilipo.